Kuchekwa na Mtani Ndani ya Maji ya Kiuno

Niliingia baharini kujifunza kuogelea nikiwa na umri wa miaka 43, mwezi wa Februari, wakati kaskazi imeanza kupoa na maji ya Bagamoyo yanatulia asubuhi kama maji ya mtungini. Mimi ni Mnyamwezi, mzaliwa wa Tabora, na utotoni maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya bwawa la Igombe, ambalo wazazi walitukataza hata kulikaribia. Kazi ilinileta pwani mwaka 2019. Niliishi miaka mitano nikiitazama bahari kila jioni bila kuingia zaidi ya magotini, na kila nilipoulizwa kwa nini sichezi majini na wanangu nilikuwa na sababu: mara nina mafua, mara nimevaa saa, mara nalinda viatu vya wenzangu.

Aliyekuja kunifundisha ni mvuvi mzee aliyekwisha kuacha kwenda kuvua, mtu wa rika la baba yangu mdogo. Yeye ni Mzaramo, kwa hiyo tangu siku tuliyofahamiana sokoni, nikimnunulia changu wawili, hatukuwahi kuitana kwa jina lingine ila mtani.

Siku ya kwanza tulitembea hadi maji yakanifika kiunoni. Ufukwe wa Bagamoyo huteremka polepole sana, na maji yakipwa bahari hurudi nyuma hata ngalawa zikabaki zimelala ubavu juu ya tope, kwa hiyo tulikwenda mbali kabla ya kupata kina hicho. Mtani akaweka kiganja chini ya mgongo wangu, akaniambia nilale chali kama nilalavyo kitandani, nitazame juu, nisifanye jambo lingine lolote. Nikalala. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa nimelala kweli, kisha kiwimbi kikanigusa sikio, nami nikainua kichwa kutazama kilikotoka. Kichwa kilipopanda, miguu ikashuka, kiuno kikakunjika katikati, nikaenda chini kama mtu anayekaa kwenye kiti kisichokuwepo, mikono yote miwili ikitafuta cha kushika. Nilipoibuka nikikohoa, maji ya chumvi yakinitoka puani, mkono wa kulia ulikuwa umefumbata konzi ya mchanga, na wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania ncha ya kikoi cha mtani wangu, ambaye nusura nimvue nguo mbele ya watoto waliokuwa wamekaa juu ya ngalawa wakitutazama.

Watoto walicheka hadi mmoja akateremka na kukaa mchangani. Mtani hakucheka upesi. Alikifunga upya kikoi chake, akautazama ule mchanga uliokuwa ukichuruzika katikati ya vidole vyangu, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza samaki: "Mtani, babu zako walikuja hapa kutua mizigo, wakarudi kwao. Wewe umekuja kuwa mzigo wenyewe?"

Nilicheka. Nilicheka huku nakohoa, na kabla kicheko hakijaisha nikatambua kwamba mabega yangu, yaliyokuwa yamekaza tangu tulipovua viatu, yalikuwa yameshuka. Ninaandika haya yote kwa sababu ya mabega hayo.

Mgeni wa mambo yetu akisikia maneno ya mtani wangu atayaona ni tusi la kumkumbusha mtu kwamba wazee wake walikuwa wachukuzi. Kwetu ni kinyume chake. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo ya misafara kati ya bara na pwani, wakitoka Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, wakipita Ugogo na Usagara hadi huku Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, kila mpagazi akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zinazopita 30. Watu hawa walifika pwani wakiwa wageni, wengine wagonjwa, wengine wameishiwa chakula, na walihitaji wenyeji wa kuwapokea na, ikibidi, wa kuwazika. Katika kuhitajiana huko ulikua utani baina yao na Wazaramo na makabila mengine ya njiani. Utani mwingine ulitokana na vita: Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali kabla Wajerumani hawajaitawala nchi, leo hukutana na kuanza kutaniana kabla hawajamaliza kusalimiana. Mwingine ni wa damu na ndoa, wa babu na mjukuu, wa shemeji na shemeji. Katika miaka ya 1940 alikuwapo Mwingereza aliyeandika kwa makini juu ya utani wa Tanganyika, R. E. Moreau, na mtu huyo anajulikana hasa kwa utafiti wake wa ndege huko Amani, milimani Usambara. Ninapenda kufikiri kwamba aliyezoea kusikiliza milio ya ndege mmoja mmoja ndiye aliyeweza kusikia kwamba matusi yale hayakuwa matusi.

Utani una sheria zake, na sheria hizo ndizo zilizonipa kufikiri siku nyingi baada ya kutoka majini. Anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa. Anayetania lazima akubali kutaniwa vilevile, papo hapo au kesho. Mimi sikumwacha mtani wangu aondoke na ushindi: nilimwambia kwamba ningemtwika frasila mbili pale pale na kumgeuza uso kuelekea Tabora, angefika mto Ruvu akamwita mama yake. Sheria ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mtani anayekucheka ndiye huyohuyo atakayefika wa kwanza ukifiwa, atakayechimba kaburi, atakayekaa jikoni kuhakikisha wageni wanakula. Kicheko chake kimefungwa kwenye wajibu. Ndiyo maana naona kwamba lugha yetu ilifanya busara kutenganisha utani na dhihaka, na kejeli, na kebehi, maneno ambayo yote yana kicheko ndani yake lakini hakuna kati ya hayo matatu linalomdai mchekaji chochote.

Niliona nguvu ya jambo hili kwenye msiba wa baba yangu mkubwa, Tabora, miaka michache iliyopita. Baba mkubwa aliimba kanisani kila Jumapili maisha yake yote, na kila Jumapili aliikosa tuni. Hakuikosa kidogo. Kwaya iliposhuka yeye alipanda, na alipanda kwa sauti kubwa na kwa furaha, akiwa amefumba macho, na watu wa parokia nzima walikwishajua kwamba ukitaka kujua kama mzee yule ni mzima wa afya usikilize wimbo wa mwanzo. Watani walimtania kwa jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30 na hakuacha hata siku moja. Siku ya maziko, baada ya jeneza kutolewa nje, mtani mmoja alijitokeza akiwa amevaa koti la marehemu, akasimama mbele ya wanakwaya, akafumba macho, akaimba ubeti ule kwa sauti ya marehemu, akipanda walipokuwa wanashuka. Mama mkubwa hakuwa ametia kitu mdomoni kwa siku mbili. Aliinua kichwa, akacheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka kama chafya, kisha akalia kilio kirefu kuliko vyote alivyolia tangu mumewe afariki, na alipomaliza akaomba uji. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake na niliyaona yote hayo kwa mpangilio huo.

Mimi mwenyewe niliacha kuimba nikiwa darasa la tano. Sauti yangu ni ya ukoo, inapanda mahali pa kushuka. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, akaniamuru niimbe peke yangu ili wenzangu wasikie namna wimbo usivyotakiwa kuimbwa, darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akaniambia nikae na nisifungue tena mdomo siku ya sherehe za shule. Kuna kipindi nilifikiri kosa lilikuwa kicheko chenyewe. Sasa, baada ya kumkumbuka baba mkubwa, naona kwamba kasoro ilikuwa moja na ileile, sauti ilikuwa moja na ileile, kicheko kilikuwa kikubwa kule kanisani kuliko darasani. Kilichotofautiana ni kwamba darasani hakuna aliyekuwa na deni kwangu baada ya kucheka, wala mimi sikuwa na ruhusa ya kumcheka mwalimu kwa lolote alilokuwa hawezi. Kicheko kilikuwa cha upande mmoja, na mlango ukafungwa. Sikuimba tena kwa zaidi ya miaka 30.

Watu wazima wengi niliozungumza nao kuhusu kuogelea wana hofu mbili zilizofungamana, ya maji na ya kuonekana hawajui, na mara nyingi hii ya pili ndiyo inayowazuia kuishughulikia ile ya kwanza. Hofu ya maji ninaielewa vizuri. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Mwanza tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia bandari na mamia ya watu wakafa, na ukimya wa mabwenini wiki ile sijausahau. Sidai kwamba kujua kuogelea kungewaokoa waliokuwa wamefungiwa ndani ya meli. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na vifo vingi vya namna hiyo hutokea mahali pa kawaida, kwenye mto wa kuchota maji, kwenye dimbwi, hatua chache kutoka nchi kavu. Mtu anayeona aibu kujifunza mbele ya watoto anaweza kulipa aibu hiyo kwa uhai wake au wa mwanawe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi wangu kwa kisingizio cha saa na viatu kwa miaka mitano.

Katika miezi ile ya kujifunza nilimfikiria mara kwa mara Eric Moussambani, na nilipomsimulia mtani habari zake aliniomba nizirudie tangu mwanzo. Tarehe 19 Septemba 2000, kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Sydney, kundi la kwanza la mchujo wa mita 100 mtindo huru lilikuwa na waogeleaji watatu tu: mmoja wa Niger, mmoja wa Tajikistan, na Moussambani wa Guinea ya Ikweta, kijana wa miaka 22. Wenzake wawili walijirusha kabla ya ishara wakaondolewa, akabaki peke yake mbele ya bwawa la mita 50. Alikuwa ameanza kuogelea mwanzoni mwa mwaka huohuo, katika bwawa la hoteli mjini Malabo ambalo urefu wake haukufika hata nusu ya lile la Sydney, na alikuwa amepata nafasi kwa mpango maalumu wa kuziwezesha nchi zinazoendelea kushiriki bila kufikia muda wa kufuzu. Alijirusha, akafika ukuta wa mbali, akageuka. Kisha mikono ikawa mizito, kichwa kikaanza kupanda kutafuta hewa, miguu ikaanza kushuka.

Hapo mtani alinikatiza. "Kama wewe," alisema. Ndiyo, kama mimi, ila yeye hakuwa na mchanga wa kuushika.

Watazamaji walianza kwa kucheka. Ni rahisi kuelewa kwa nini: walikuwa wamekuja kuwatazama waogeleaji walio bora kuliko wote duniani, na mbele yao alikuwapo mtu mmoja aliyeonekana kama anataka kuzama. Kadiri mita zilivyopungua kicheko kiligeuka kuwa kelele za kumtia moyo, na alipoingia mita za mwisho, zile alizosema baadaye kuwa zilikuwa ngumu sana, maelfu ya watu walikuwa wanamsukuma kwa sauti hadi akagusa ukuta. Muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 52.72. Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, aliyechukua dhahabu katika mbio hizo, alitumia sekunde 48.30 kwenye fainali. Siku chache baadaye mwenzake Moussambani, Paula Barila Bolopa, aliogelea mita 50 kwa dakika 1 na sekunde 3.97, naye akashangiliwa hivyohivyo.

Watu wengi hukitumia kisa hiki kufundisha kwamba kushiriki ni ushindi tosha, na mimi sikubaliani nao. Moussambani mwenyewe hakuridhika na kushiriki. Miaka minne baadaye alikuwa ameshusha muda wake chini ya sekunde 57, karibu nusu ya ule wa Sydney, ingawa hakufika kwenye Michezo ya Athens kwa sababu ya matatizo ya viza, na mwaka 2012 aliteuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa ya kuogelea ya nchi yake. Ninachokiona mimi ni kwamba katika sekunde zile 112 watazamaji walianza kama watu wa darasa langu la tano na wakamaliza kama watani. Walimcheka, kisha kicheko chao kikawapa deni, nao wakalilipa deni hilo papo hapo kwa kukataa kumwacha azame peke yake. Kwenye magazeti ya nchi nyingi mambo yalikuwa tofauti, maana huko alipewa majina ya mzaha na waandishi ambao hawakumdai wala kudaiwa kitu, na inaniuma hadi leo kwamba wengi wanayajua majina yale kuliko wanavyoujua muda wa chini ya sekunde 57.

Mtani aliposikia kwamba kijana yule alirudi na kasi hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi na wewe kesho uje mapema."

Nilikuja mapema. Tuliacha kulala chali kwa muda, nikapewa dumu la lita tano lililofungwa kifuniko, lile la mafuta ya kula, ambalo watoto wa pwani hulikumbatia wanapoanza kujifunza, na nikawa ninalikumbatia kifuani na kupiga miguu sambamba na ufukwe huku watoto wakinifuata nchi kavu. Walikuwa wameshanipa jina: Nanga. Kila asubuhi nilipotokea, niliwasikia wakipeana habari kwamba Nanga amefika. Mwanzoni mke wangu hakulipenda jina hilo na alitaka kuwakemea. Nilimwomba awaache, kwa sababu watoto hao hao, siku nilipomeza maji mengi nikashindwa kusimama, walikuwa wameshanifikia na kunishika mikono kabla mtani hajageuka. Wawili kati yao hawakuzidi miaka tisa.

Nikawa ninauliza maswali mengi kuhusu kwa nini mwili unazama, na mtani alinijibu kwa maneno ya uvuvi yanayolingana kabisa na niliyokuja kuyasoma. Kifua ndicho boya letu, kwa sababu mapafu yamejaa hewa. Nyonga na mapaja ndiyo shehena. Ukilala na masikio yako ndani ya maji, boya na shehena hupatana. Ukiinua kichwa, umetoa nje ya maji kitu kizito ambacho maji yalikuwa yanakibeba bure, na sasa mwili wote lazima ukibebe, kwa hiyo miguu inashuka kulipia. Hofu hufanya hivyo hasa: hukuambia uinue kichwa, ukaze shingo, utoe hewa kwa kupiga kelele, na kila moja ya hayo hukuzamisha. Bahari humsaidia anayejifunza kuliko ziwa, kwa kuwa chumvi huyafanya maji yake kuwa mazito zaidi kwa kiasi cha asilimia mbili na nusu hivi, lakini msaada huo hauwezi kuishinda shingo iliyokaza.

Mtani alijua namna ya kuilegeza shingo. Kabla ya kila jaribio alisema jambo la kunichekesha, na baada ya siku kadhaa niliona kwamba alikuwa anafanya hivyo kwa hesabu. Nikianza kucheka ninapolala, alininyamazisha. "Usicheke ndani ya maji," alinifundisha. "Ukicheka unamwaga hewa, utazama. Cheka kwanza umalize. Kisha vuta pumzi. Kisha ndiyo ulale." Kicheko humaliza kazi yake mwilini kabla mtu hajalala: misuli ya tumbo inalegea, taya linalegea, na shingo, ambayo huwezi kuilegeza kwa kuiamuru, inalegea yenyewe. Ninasisitiza mpangilio huo kwa yeyote atakayemfundisha mtu mzima. Nimewaona wakufunzi wanaomwambia mwanafunzi "tulia, tulia" huku wamekunja uso, na nimeona namna mwanafunzi anavyozidi kukaza.

Wiki ya nne, asubuhi maji yakiwa yamejaa, mtani aliniambia kwamba samaki wa Bagamoyo wamefanya kikao kumjadili Mnyamwezi anayekuja kila siku kukagua mchanga wao konzi kwa konzi, na wametuma ujumbe kwamba mchanga umetimia, haujapungua. Nilicheka nikamaliza. Nikavuta pumzi. Nikalala, masikio ndani ya maji, nikawa nasikia pumzi yangu mwenyewe na mlio mdogo mdogo wa chini ya bahari unaofanana na vijiti vikavu vinavyokatika. Juu kulikuwa na wingu moja jembamba. Nilingoja kiganja chake kisogee kama kilivyozoea kusogea mgongoni, hakikusogea, na nikafikiri kwamba leo ametulia sana. Kisha nikasikia, kwa mbali na kwa sauti nzito kama mtu anayesemea ndani ya pipa, watoto wakipiga kelele ufukweni: "Nanga imeelea! Nanga imeelea!" Nilipogeuza macho bila kuinua kichwa, mtani alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu, mikono yote miwili juu ya kichwa chake ili niione.

Sikuweza kumlipa. Nilipomletea bahasha aliirudisha, na nilipomshinikiza alisema kuna jambo moja analolitaka, nalo ni la siri. Alikuwa na miaka 68 na hakuwahi kupanda baiskeli. Ujana wake wote ulipita kwenye ngalawa na mashua, na baadaye akaona aibu, maana kijijini kwao hata wajukuu wake wa miaka saba huendesha wakipitisha mguu chini ya bomba la juu la fremu. Kwetu Tabora mtoto hujua baiskeli karibu sawa na anavyojua kutembea, kwa hiyo hakuwa amekosea mwalimu. Tulianza jioni, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba ninayopanga, kwa baiskeli yangu ya Phoenix niliyoishusha kiti hadi mwisho. Nilishika keria nyuma, yeye akashika usukani kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe mkali, na alikuwa na kosa moja ambalo nililitambua mara moja: kila alipohisi anaanguka alitazama chini kwenye tairi la mbele badala ya kutazama aendako.

Jioni ya tatu nilimwachia bila kumwambia, kama alivyonifanyia. Alikwenda hatua kumi, kumi na tano, mgongo umenyooka, kanzu imekunjwa na kufungwa kiunoni. Kisha akatazama tairi. Usukani ukageuka, baiskeli ikaingia kwenye mchicha wa mwenye nyumba, naye akaangukia ubavu, pedeli ikiendelea kuzunguka. Nilikimbia. Nilifika nikiwa nimeshikwa na hofu, koo limekauka, ninafikiria nyonga yake na umri wake na namna nitakavyowaeleza wanawe, nikapiga magoti, nikaanza kumpapasa mguu bila kusema neno.

Alikuwa amelala chali katikati ya matuta, majani ya mchicha kwenye ndevu, akinitazama kwa mshangao.

"Mtani," alisema, "mbona hucheki?"

Sikujua la kujibu.

"Usiponicheka nitajua nimeumia."

Nikamtazama vizuri, ndevu na mchicha na kanzu, nikamwambia kwamba babu zake waliwauzia babu zangu mchicha, na leo yeye ameona auvune kwa ubavu. Alicheka hadi machozi yakamtoka, nami pia nikacheka, na tulipomaliza akavuta pumzi, akanipa mkono nimwinue, tukanyoosha usukani, akapanda tena.